Mrejesho: perege wenye utando mweupe mapezini

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kuhusu perege wa bwawani kwangu waliotokwa na utando mweupe kama pamba kwenye mapezi baada ya kuvuliwa kwa wavu. Kama mlivyoeleza, ukungu huo hushika pale magamba na ute vilipobanduka. Hivyo niliwatenga walioathirika na kuwaogesha kwa dakika chache katika maji yenye gramu 10 za chumvi kwa kila lita, nikiwatoa mara tu walipoanza kulala ubavu. Utando umetoka na vidonda vinafunga. Sasa vifaranga wapya hukaa kwanza kwenye tangi la peke yao, tena wana wavu wao, maana wavu uliolowa huhamisha ugonjwa. Chakula pia nimepunguza, kwani mabaki yakioza huzalisha amonia inayowadhoofisha samaki.