Picha za sura: tupeane mbinu, wa Kisumu, Nakuru na kwingineko

Mdau wa Kondele, Kisumu: Wadau, salamu. Sisi wa huku tuko jikoni kwa jua. Ikweta yenyewe inapita Maseno. Saa sita linakaa utosini, macho ya mteja yanageuka mashimo. Jioni nayo linashuka wima, ule mwanga wa dhahabu ukizubaa kidogo umeukosa. Leteni mbinu mlizojaribu wenyewe, si za kunakili.

Naanza. Yangu ni omena, wale dagaa wa ziwani. Pale Dunga, ufuoni Kisumu, asubuhi akina mama huwatandaza juu ya nyavu wakauke. Msimamishe mtu ukingoni mwa nyavu, jua likiwa mgongoni mwake. Ule mng'ao wa samaki unarusha mwanga kutoka chini, kidevu kinafunguka na machoni kunaingia cheche. Omba ruhusa kwanza, kisha nunua hata gorogoro moja, lile kopo la kupimia. Nzi utawavumilia.

Section 58, Nakuru: Mimi mlango wa duka unanitosha. Funga bawa moja, mteja asimame ndani, hatua moja nyuma ya kivuli. Mgeuze polepole mpaka shavu la upande wa giza lipate kipembetatu cha mwanga chini ya jicho. Ndio ule wanaouita mwanga wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi. Umeme hauhitajiki.

Mama Studio, Kakamega: Wanaoleta maharusi msituni, jihadharini: majani yanamwaga ukijani usoni, bibi harusi anatoka kama mgonjwa wa nyongo. Shika karatasi nyeupe ya manila karibu na shavu, nje kidogo ya fremu, au tafuta uwazi ambapo mbingu inaonekana.

Ndani ya studio natundika leso nyuma ya mteja. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alianza kwa kutundika shuka la kitandani kwake. Tazameni zile picha: maua ya shuka na maua ya gauni yanaingiliana, uso peke yake ndio uliotulia. Nani anahitaji pazia la bei?

Boda wa Kibuye: Sina kamera, nina simu. Mteja anatazama kioo cha pembeni cha pikipiki, nami napiga sura iliyo ndani ya kioo. Kwenye skrini gusa uso wenyewe, la sivyo simu inashika mpini. Na msisogeze simu puani kwa mtu, pua inavimba. Rudi nyuma, vuta zumu.

Mdau wa Milimani: Mbona ngozi hamuigusi? Kamera hupima kila kitu kana kwamba ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi tii ndani ya gauni jeupe, inapunguza mwanga na uso unazama. Pandisha kipimo cha mwanga (exposure) mpaka +1, au pima shavuni. Suti nyeusi ni kinyume chake. Halafu poda muwapunguzie: tone la mafuta kwenye mfupa wa shavu ndilo linalochora uso.

Mama Studio, Kakamega: Mafuta kwa joto la Kisumu? Saa nane mteja atakuwa ameiva! Mimi poda siachi.

Mdau wa Milimani: Mama, ni tone, sijasema chupa.

Mdau wa Kondele: Haya, usiku je? Nataka zile taa za tuktuk pale Oginga Odinga Street.

Section 58, Nakuru: Kamera iweke kwenye stendi, shata robo ya sekunde, fleshi ya nguvu kidogo iliyofunikwa tishu. Fleshi inamgandisha mtu, tuktuk zinaacha mistari nyuma. Ila asimame kivulini, mbali na taa ya barabarani, la sivyo akitikisika atatoka na nyuso mbili.