Mrejesho: viatu vya kusimamia darasani kutwa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaeleza kwamba viatu vyangu vya ngozi, namba 41, vilikuwa vikinibana vidole na kunichubua kisigino, nami kazi yangu ya ualimu hapa Jinja hunisimamisha kutwa. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilifuata kwanza ushauri wa kupima miguu yote miwili jioni, wakati imekwisha kuvimba kidogo, nikiwa nimesimama juu ya karatasi na kuvaa soksi za kazini. Nilishangaa kuona wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa karibu nusu sentimita. Miaka yote nilikuwa nikijaribu kiatu cha kushoto tu! Nikaikata karatasi kwa kuufuata mchoro wa wayo mkubwa, nikaenda nayo Kampala katika soko la Owino, nikawa naiingiza ndani ya kila kiatu cha mtumba kabla ya kukivaa, na chochote kilichoikunja nilikirudisha papo hapo. Hatimaye nilichukua namba 42, pana upande wa vidole, inayoacha nafasi ya takriban sentimita moja mbele ya kidole kirefu.

Vidole sasa havibanwi. Kiatu cha kushoto, hata hivyo, bado kinapwaya kisiginoni; soli ya ndani niliyoongeza imepunguza tatizo bila kulimaliza, na kupitisha kamba hadi tundu la mwisho kumesaidia zaidi. Ama ule ushauri wa kulowesha viatu vya zamani ili vitanuke, mnisamehe, uliniharibia ngozi: ilikauka, ikapasuka.