Tupeane uzoefu: Ulimwambiaje mzazi wako kwamba kuendesha gari sasa basi?

Kitinda Mimba
Wakuu, jana nimepewa lifti na baba. Ana miaka 79. Nimeshuka magoti yanatetemeka. Hakimbii, anaenda pole pole mpaka walio nyuma wanapiga honi. Balaa ni kwenye makutano: anaangalia kulia, halafu anaingia. Kushoto haangalii kabisa, shingo haigeuki. Tulimkosakosa mwendesha baiskeli, baba akauliza, "Huyu naye katokea wapi?" Alikuwa pale muda wote! Mliopitia haya mlifanyaje? Na sheria iweke umri wa mwisho au isiweke?

Dada wa Sita
Hiyo "katokea wapi" nimeishtukia. Mama aliisema mara tatu kabla hatujampeleka kupimwa. Kumbe glakoma, ugonjwa wa macho, ilishamla pembeni zote mbili. Daktari alitueleza kwamba mgonjwa haoni giza pembeni, ubongo unaziba pengo kwa kubahatisha, ndiyo maana anaapa kwamba anaona vizuri. Na herufi za ubaoni alizisoma hadi mstari wa chini! Mpeleke apimwe uwanda wa kuona, yaani anaona pembeni kiasi gani, usiridhike na herufi.

Rivasi
Kweli tupu.

Mzee Bado Nipo
Wanangu, nina miaka 73, nimeshika usukani tangu 1975 na sijagonga hata kuku. Usiku siendeshi, mvua ikinyesha siendeshi, simu naizima. Kijana yeye anaendesha mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu. Kule Uingereza na Marekani kijana wa miaka 18 analipa bima kubwa kuliko ya mtu wa rika langu. Waulizeni wenye bima kwa nini.

Kinyonga wa Lami
Shikamoo mzee. Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, naye alikuwa na uzoefu wa miaka mingi kuliko sisi wote hapa. Januari 2019, akiwa na miaka 97, alitoka barabara ndogo akaingia kubwa, Land Rover yake ikapinduka na wanawake wawili wa gari jingine wakaumia. Mwezi uliofuata akarudisha leseni mwenyewe.

Mzee Bado Nipo
Marahaba. Alisema jua lilimpiga machoni. Kwani kijana hapigwi na jua?

Kinyonga wa Lami
Anapigwa, ila jicho lake linarudi upesi. Jicho la mzee linachelewa, na kama lina mtoto wa jicho, taa ya gari la mbele inasambaa kama ukungu. Wewe mwenyewe umesema usiku huendeshi. Kwa nini?

Mzee Bado Nipo
Kwa sababu nina akili.

Rivasi
😂😂 Mzee kashinda hiyo.

Sindano Mbili
Mnawasema wazee tu. Mimi sina uzee wa kusingizia, nina miaka 38, kisukari cha insulini tangu niko shule. Siku hiyo nilijichoma sindano ya mchana kama kawaida. Nikiwa nataka kula simu ikaita, nikasema nitakula nikifika. Nikampitia binti yangu shuleni, wakati huo ana miaka 9, akakaa nyuma.

Watu hudhani sukari ikishuka unasikia kizunguzungu, unapaki pembeni, yameisha. Tulio nayo siku nyingi tunajua kwamba miaka ikienda mwili unaweza kuacha kukupigia kengele. Jasho hakuna, kutetemeka hakuna. Kinachotangulia kuondoka ni ile akili ya kukwambia kwamba akili inaondoka.

Nakumbuka taa nyekundu. Niliiona, nikajua ni nyekundu, nikaona rangi nzuri kweli, nikapita. Binti akasema, baba mbona hujasimama? Nikamfokea. Sijawahi kumfokea vile. Tukapita kona ya nyumbani, akanikumbusha, nikamjibu najua ninakokwenda. Sikujua. Anasema niliendelea kama dakika kumi huku nacheka peke yangu. Gari likapanda ukingo wa katikati, tairi ya mbele ikapasuka, tukanasa pale, mguu wangu bado umekandamiza mafuta, injini inalia. Mtoto ndiye aliyejipenyeza kati ya siti akazima ufunguo. Akatoa kwenye begi juisi aliyoibakiza, akanimiminia mdomoni, nusu ikaishia kwenye shati. Askari aliyefika akadhani nimelewa. Binti akamwambia, "Hajalewa, ana njaa."

Nilikaa miezi minne bila kugusa usukani, na hakuna aliyenilazimisha. Sasa napima kabla ya kuwasha gari, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) siondoki mpaka nile. Safari ndefu napima kila baada ya saa mbili. Ikishuka njiani nasimama, nakula, na kipimo kikisharudi sawa nangoja dakika 45 nyingine, maana ubongo unachelewa kuliko damu. Binti hadi leo haingii garini hajaiona namba kwenye kipima sukari.

Dada wa Sita
Nimelia hapo kwenye juisi. Huyo mtoto mpeni zawadi.

Mkanda
Pole mkuu, ila miezi minne ulijipangia mwenyewe kama nani? Ungeua mtoto wa mtu ungekuja kutusimulia? Kisukari cha sindano, kifafa, wote wasipewe leseni kabisa. Mzee wa watu anasakamwa hapa kumbe hatari ni ninyi.

Sindano Mbili
Hukukosea kuuliza. Nimejiuliza hivyo kila usiku.

Kimya Miaka Sita
Mkanda, ukisema "kabisa" unatufundisha kuficha. Mimi nina kifafa. Nilimdanganya daktari mwaka mzima kwamba sianguki, kisa naogopea leseni, na kwa uongo huo hata dawa nilikuwa napewa dozi ndogo. Uingereza leseni ya gari dogo unarudishiwa ukikaa miezi 12 bila kuanguka. Ya lori na basi ni miaka 10, tena bila dawa. Ni kali, lakini mtu anajua mlango uko wapi, kwa hiyo anasema ukweli.

Mkanda
Na huo mwaka ulioficha ulikuwa unaendesha?

Kimya Miaka Sita
Ndiyo.

Mkanda
Basi.

Kinyonga wa Lami
Turudi kwenye mada jamani. Mimi umri siutaki, nataka kipimo. Japani ukifika 75 unapimwa kumbukumbu kila unapohuisha leseni, na tangu 2022 mwenye makosa fulani ya barabarani lazima aendeshe mbele ya mkaguzi. Uingereza ukifika 70 unahuisha kila miaka 3, lakini unajaza mwenyewe kwamba u mzima. Nani atajiandikia kwamba haoni?

Dada wa Sita
Na hata Japani, Aprili 2019 pale Ikebukuro, Tokyo, mzee wa miaka 87 alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Mama na binti yake wa miaka 3 walikufa. Mahakamani mzee alishikilia kwamba gari ndilo bovu. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5. Nadhani hakuwa anadanganya, mguu ulimwambia ni breki.

Mzee Bado Nipo
Hiyo imenikaa vibaya. Ngoja nikanywe maji.

Rivasi
Kitinda Mimba, chomoa waya wa betri, mwambie gari limekufa. Tulimfanyia babu.

Jirani wa Fundi
Usithubutu! Tulimchomolea mzee wetu, akaurudisha kwa dakika tano, halafu akawasha kwa hasira. Ongea naye. Mpe dereva wa uhakika kwanza, ndipo uombe funguo. Baba alikubali kuacha gari, kilichomuua ni kukaa ndani siku nzima akingoja mtu wa kumtoa.

Kwa Mafua
Msisahau dawa za mafua. Zile za kusinzisha zilinilaza kwenye foleni.

Rivasi
Mwambie ukweli tu. Au mwibie funguo. Moja kati ya hayo.

Mzee Bado Nipo
Kijana, usimwibie baba yako. Mwombe aende kupimwa na wewe, mpimwe wote wawili. Akiona na wewe umekaa kwenye kiti cha daktari hataona aibu. Na mimi nitakwenda, msinicheke.

Kitinda Mimba
Asanteni wote. Nimemwambia tukapime macho pamoja kesho asubuhi. Amekubali, kwa sharti aendeshe yeye.

Rivasi
Kaa nyuma.