Naomba ushauri: data za ajali hazina kasi ya gari
Habari zenu wakuu. Nachambua taarifa za polisi za watembea kwa miguu waliogongwa mjini, nione kwa nini mmoja hutoka na michubuko na mwingine hufariki. Nina umri, aina ya gari, saa na hali ya mwanga. Kasi wakati wa kugonga, ambayo ndiyo hasa huamua, haimo! Nimeweka kikomo cha kasi cha barabara badala yake, ila usiku barabara huwa tupu na magari hukimbia, hivyo nahofia giza linabebeshwa lawama za mwendo. Halafu majeraha madogo mengi hayafiki polisi.

Je, kikomo kinatosha, au kuna kipimo bora? Na madaraja ya ukali wa majeraha (toka michubuko hadi kifo) niyachukulie kama ngazi zinazofuatana, au kila moja lisimame peke yake?