Tiketi mbili, filamu nne za Kipolandi: nichukue zipi wakuu?

Mchoma_Mahindi
Wakuu habari za muda huu. Kuna wiki ya filamu za kisasa za Poland inaanza Alhamisi, mimi mfuko unaruhusu tiketi mbili tu na listi imebaki na nne: EO (2022), Zielona granica (2023), Chłopi (2023) na Boże Ciało (2019). Kwa walioziona, nichukue zipi niache zipi? Za Wapolandi nilishaona Ida tu, ile ya Pawlikowski ya nyeusi na nyeupe iliyobeba Oscar 2015. Nisije nikachoma hela.

Binti_Makorora
Uko nchi gani kwanza? Tiketi mbili ni filamu mbili au watu wawili filamu moja? Na maandishi ya chini ni ya lugha gani? Mnaleta uzi nusu nusu halafu mnataka ushauri kamili.

Mzee_wa_Viti_vya_Nyuma
Zielona granica, sina mjadala. Mwongozaji Agnieszka Holland kapiga pale kwenye kidonda, wakimbizi wa Syria, Afghanistan na Afrika wanasukumwa msituni kati ya Belarus na Poland, walinzi wa huku wanawatupa kule, wa kule wanawarudisha huku, kama mpira. Tamasha la Venice 2023 ilipewa tuzo maalumu ya majaji, nyumbani kwake serikali ya wakati ule ikachachamaa mpaka wizara ya mambo ya ndani ikatengeneza kifilamu chake cha kujitetea kionyeshwe kabla ya filamu yenyewe, na kuna kumbi ziligoma. Ila jiandae, masaa mawili na nusu na hakuna pa kupumulia.

Mwana_Lushi
Jambo bandugu. Mzee amesema kweli, naongeza kimoja. Kuna pahali familia moja ya Kipolandi inaficha vijana weusi wanaosema Kifaransa, na watoto wa ile nyumba wanakaa nao wanarap pamoja wimbo wa Youssoupha, mzaliwa wa Kinshasa. Mambo yote magumu ya ile filamu nilivumilia, pale ndipo machozi yalitoka.

Karis254
Manze nyinyi mnapenda huzuni. Enda EO, dakika 88 umemaliza. Ni punda tu anatoka sakasi anazunguka Ulaya, anakutana na wazuri na wabaya, mashabiki wa timu moja ya mpira wanamshangilia kama mfalme kisha wale wa timu pinzani wanakuja usiku kumtwanga. Mwongozaji Skolimowski alikuwa na miaka 80 na kitu akiitengeneza, Cannes ikampa tuzo ya majaji. Punda sita ndio walicheza hiyo part moja.

Binti_Makorora
Punda nimewaona Lamu bure, silipi tiketi.

Karis254
Wa Lamu hajawahi kukuangalia vile huyo anaangalia kamera dada yangu.

Mama_Ntilie_Digital
Mimi nasema hivi, ULIZA MAANDISHI YA CHINI kabla hujalipa. Niliingia kuangalia Boże Ciało huko huko kwao, ukumbi siutaji, kwenye tangazo wameandika kabisa kuna Kiingereza chini. Taa zikazimwa, Kipolandi kitupu. Nikasema labda kitakuja, hakijaja. Na ile filamu ni ya maneno, kijana katoka jela ya vijana anajifanya padri kijijini na mahubiri yake ndiyo moyo wa hadithi, watu pembeni wanacheka mimi nakodoa, wananyamaza mimi ndio nacheka. Nikatoka nikamuuliza binti wa kaunta akaniambia maandishi yanakuwepo siku fulani fulani tu, hela hairudi. Nikarudi kukaa nikamwangalia mwigizaji mkuu Bartosz Bielenia macho yake yale makubwa mpaka mwisho. Baadaye nikaiona nyumbani nikielewa, kumbe kile kijiji kilikuwa kinamkatalia mjane asimzike mume wake kwa sababu ya ajali iliyoua vijana wao. Kitu kizito hicho na mimi nilidhani wanagombania shamba!

Mchoma_Mahindi
Samahani wakuu, nipo Łódź huku Poland, nasoma. Tiketi mbili ni mimi na mama mkwe, amekuja kututembelea kutoka Moshi, kwa hiyo filamu ni moja. Maandishi nitauliza.

Binti_Makorora
MAMA MKWE?? Hilo ndilo ulitakiwa uanze nalo! Chłopi futa. Ni nzuri, watu waliigiza kweli halafu wachoraji wakapaka picha kwa rangi ya mafuta, na hadithi ya mwandishi Reymont mchaga yeyote ataielewa, binti anaozwa kwa mzee tajiri mwenye mashamba huku anampenda mtoto wa huyo mzee. Lakini ina mambo ya nyasini na mwisho binti anavuliwa nguo na kijiji kizima. Utakaa wapi na mkweo?

Mzee_wa_Viti_vya_Nyuma
Mpeleke Boże Ciało, kama ni mtu wa kanisa.

Mama_Ntilie_Digital
Mzee hiyo inaanza na fujo za gerezani na yule padri feki kuna mahali anavuta na kulala na mtu. Umeiona kweli?

Karis254
Si nilisema punda. Haongei, hata subtitles hazihitajiki sana.

Mwana_Lushi
Akose tu ukumbi, amwekee TV nyumbani. Kule filamu za nje mwanaume mmoja anasoma maneno ya wote, wanaume, wanawake, watoto, sauti moja kavu, wanamwita lektor. Tomasz Knapik alikuwa mkubwa wao, alifariki 2021.

Karis254
Hiyo ni DJ Afro wetu wa Kenya, yule wa kusimulia filamu kwa Kiswahili, lakini bila utamu.

Mzee_wa_Viti_vya_Nyuma
DJ Afro alimkuta Lufufu wetu wa Tanzania kashafika, heshimu waliotangulia.

Karis254
Lufufu alitafsiri, Afro anaongezea chumvi, hizo ni kazi mbili tofauti buda.

Mama_Ntilie_Digital
Na VJ Jingo wa Kampala mmemsahau. Huyo anakuwekea mpaka matangazo ya duka katikati ya mapigano.

Mchoma_Mahindi
Wakuu, mama mkwe anauliza huyo punda anakufa?

Karis254
Lufufu alikuwa na kanda za Kihindi pia ama za Kichina pekee?