Re: R22 ya miaka 11, saa 1,150: ninunue?

Wadau, salaam. Hapa Houston kuna helikopta ndogo, Robinson R22 Beta II, inauzwa. Ina saa 1,150 za kuruka na miaka 11 tangu ifumuliwe kiwandani, yaani kufunguliwa yote na kufanywa upya. Nina grini kadi, nataka kujifunzia urubani humo humo. Bei inavutia. Niangalie nini kabla ya kutoa arbuni?

— Muulizaji, Houston

>

Kaka, bei hiyo ni mtego. Kikomo cha R22 kabla ya kufumuliwa tena ni saa 2,200 au miaka 12, kipi kianze. Wewe hununui saa 1,050 zilizobaki, unanunua mwaka mmoja. Ukiruka saa 80 ndani ya mwaka huo, gawa bei kwa 80. Baada ya hapo inafumuliwa injini, giaboksi, mapanga na kila kilicho na kikomo, na gharama yake inaweza kupita bei uliyonunulia.

Bado unaitaka? Lipa fundi wako, si wa muuzaji. Alinganishe namba zilizopigwa kwenye vipuri na zile za kwenye madaftari ya matengenezo, kimoja kimoja. Mapanga yawe A016-6. Ya zamani ngozi yake ilikuwa ikibanduka karibu na ncha, FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wakaamuru yaondolewe. Atazame pia stika za joto kwenye beringi: iliyobadilika rangi ina sababu yake.

Halafu washeni. Ukibonyeza swichi ya klachi, inayokaza mikanda ya kutoka injini kwenda kwenye mapanga, mapanga yaanze kuzunguka ndani ya sekunde 5. Yakichelewa, mikanda imelegea, na mkanda uliolegea huruka nje ya mfereji wake. Angani taa ya klachi ikiwaka kidogo na kuzima, ni mikanda inajikaza ikipata joto. Ikipita sekunde 10 haijazima, vuta fyuzi ya klachi ukatafute pa kutua. Ukisikia harufu ya mpira, tua hapo hapo.

Uzito ndio huwaumbua wengi. Kikomo ni paundi 1,370, na kila kiti 240 pamoja na mzigo wa chini yake. Ikiwa tupu ni 880, wewe 210 na mwalimu 190, zinabaki 90: galoni 15 za mafuta, saa moja na nusu hivi, na humo utoe dakika 20 za akiba.

— Fundi, Long Beach

>

Naongezea upande wa mafunzo. Mapanga ya R22 ni mepesi. Injini ikizima una kama sekunde moja kushusha kolektivu (wenzo wa kubadili pembe ya mapanga) kabla mizunguko ya mapanga haijaanguka. Ndiyo maana kuna SFAR 73, kanuni maalumu ya FAA: saa 20 na mwalimu ndani ya R22 yenyewe kabla ya kuruka peke yako, hata kama mkono wako umeshakomaa. Na kwa unyevu wa Houston, kabureta hushika barafu hata siku ya joto. Kipimo cha msukumo wa hewa inayoingia kwenye injini kikishuka chini ya inchi 18, vuta kitasa cha joto la kabureta chote, usiamini geji ya joto la kabureta.

Grini kadi haikuondolei TSA, idara ya Marekani ya usalama wa usafiri. Omba kibali chao kabla ya somo la kwanza la kuruka. Helikopta isajili kwa jina lako, si la kampuni, maana kampuni ina masharti yake ya uraia. Na uliza bima kwanza: wengine hawamkatii mwanafunzi kabisa, na wanaokubali hutaka kumjua mwalimu wako.

— Mwalimu wa urubani, Dallas