Ubwiriunga wa mikorosho: salfa, dawa ya maji au kubebesha?

Mnyambe_Tandahimba: Wadau, mikorosho mikongwe ya mbegu, ekari 3, nafasi mita 12 kwa 12, inasumbuliwa na ubwiriunga (kuvu wa ungaunga mweupe kwenye maua na machipukizi). Triadimenoli, dawa ya maji ya kuua kuvu, imeanza kulegea. Nihamie heksakonazoli, nayo ya maji, nirudi kwenye salfa ya unga, au nikate miti nibebeshe (niunganishie vikonyo vya aina bora)?

Korosho_Newala: Ukihamia heksakonazoli umebadili chupa tu, mkuu. Dawa za kuvu hupangwa kwa makundi yenye namba kulingana na zinavyompiga kuvu; hizi zote ni kundi la 3, zinampiga mahali palepale. Akizoea moja, nyingine nayo hupungua makali. Katika kundi hilo usugu huja polepole, na kipimo pungufu ndicho kinachoulea. Strobilurini, dawa nyingine za kuvu za kundi la 11, ni balaa zaidi kwa usugu: badiliko moja la jeni linatosha, na hata ukiongeza dozi hupati kitu. Soma kiambato kwenye lebo, achana na jina la biashara. Halafu kabla ya kulaumu dawa, tazama bomba: la mgongoni la mkono halifiki maua ya juu ya mti mrefu.

Ruangwa_Kwetu: Salfa hupiga kuvu sehemu nyingi kwa mpigo, ndiyo maana bado inafanya kazi tangu wakulima wa zabibu Ulaya waitumie karne ya 19. Gramu 250 kwa mti, kila siku 14, raundi 5. Ekari ina miti 28 hivi, kwa hiyo kilo 7 kwa raundi, 35 kwa msimu. Zako 3 zitakula kilo 105. Puliza alfajiri, umande upo na upepo umetulia. Ni kinga: shada likishakuwa jeupe umechelewa. Ubaya wake, udongo wetu wa kichanga unaongezeka tindikali mwaka hadi mwaka.

Korosho_Newala: Kweli. Basi anza na salfa, kundi la 3 liingie katikati, usilirudie mfululizo.

Vikonyo_Mtwara: Mnasahau aina. Aina ya AC4 na nyingine za kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, zinastahimili ubwiriunga, lakini kustahimili si kutougua. Raundi zinapungua tu. Usipande mbegu ya mti mzuri: mikorosho huchavushana, watoto hawamfuati mama. Kata shina nusu mita hadi mita moja, yakitoka machipukizi, yabebeshe aina hizo. Ruka mti mmoja mmoja ili usikose mavuno yote, na changanya aina kadhaa.

Ruangwa_Kwetu: Hata hizo zisikusahaulishe mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Salfa haimuui, na aina inayostahimili ubwiriunga haimzuii.

Vikonyo_Mtwara: Na kabla ya Juni ondoa machipukizi ya ndani, yenye kivuli. Huko ndiko ubwiriunga unakosubiri maua.